Sentimita 16: Kutoka Sofia hadi Kobe

Tarehe 31 Agosti 1961, mjini Sofia, waamuzi waliupandisha upau hadi mita 2.25. Rekodi ya dunia ya kuruka juu ilikuwa mita 2.24, na mwenye rekodi hiyo ndiye aliyekuwa akijiandaa kuruka. Valeriy Brumel alikuwa kijana wa miaka 19 mwenye kimo cha mita 1.85. Ili afaulu, ilimpasa aupitishe mwili wake wote sentimita 40 juu ya utosi wake. Alikimbia, akapaa, akajilaza kifudifudi hewani na kutua upande wa pili. Upau haukuanguka.

Ilikuwa rekodi yake ya tatu ya dunia nje ya ukumbi katika muda usiofika miezi mitatu. Ya kwanza, mita 2.23, aliiweka Moscow tarehe 18 Juni. Ya pili, mita 2.24, aliiweka mjini humohumo tarehe 16 Julai, Umoja wa Kisovyeti ulipopambana na Marekani na macho ya dunia nzima yakiwa uwanjani. Hii ya tatu haikuwekwa katika pambano la mataifa makubwa wala katika Olimpiki. Iliwekwa katika mashindano ya wanafunzi wa vyuo vikuu, Universiade, ambayo wakati huo yalikuwa yakifanyika kwa mara ya pili tu.

Wapenzi wengi wa riadha huyapita mashindano hayo kwa haraka. Macho yao yako kwenye Olimpiki na kwenye ubingwa wa dunia, na michezo ya wanafunzi huiona kama shughuli ya vijana walio likizo. Kwa kuruka juu wanaume, dharau hiyo haina msingi. Rekodi ya dunia ya mchezo huu imevunjwa Universiade mara mbili, Sofia mwaka 1961 na Kobe mwaka 1985, na kati ya siku hizo mbili mchezo wenyewe ulibadilika kiasi kwamba aliyeushuhudia mwaka 1961 angeshangaa kuona watu wanauvuka upau kwa mgongo. Mageuzi hayo nayo, kwa sehemu kubwa, yalifanywa na wanafunzi.

Michezo ya kimataifa ya wanafunzi ilianza kabla ya Vita Kuu ya Pili. Mfaransa Jean Petitjean aliandaa mashindano ya vyuo vikuu mjini Paris mwaka 1923, kisha mengine yakafuata Warsaw, Roma, Darmstadt, Turin, Budapest na kwingineko. Vita vilipokwisha, wanafunzi waligawanyika kama dunia ilivyogawanyika. Shirikisho la kimataifa la michezo ya vyuo vikuu, FISU, lililoanzishwa mwaka 1949, lilikuwa la nchi za Magharibi, na nchi za kisoshalisti zilikuwa na michezo yao. Kwa miaka kadhaa mwanafunzi wa Prague na mwanafunzi wa London hawakuwa na uwanja mmoja wa kukutana.

Aliyewakutanisha kwenye Universiade ya kwanza ni Primo Nebiolo, Mwitaliano aliyewahi kuwa mrukaji wa chini. Turin ilipopewa michezo ya mwaka 1959, yeye na wenzake waliita pande zote mbili, na pande zote mbili zikaja. Nchi 45 zilipeleka washiriki 985. Badala ya nyimbo za taifa, washindi walipigiwa Gaudeamus, wimbo wa kale wa wanafunzi wa Ulaya. Nebiolo baadaye aliongoza FISU tangu 1961 hadi alipofariki mwaka 1999, na kuanzia 1981 aliongoza pia shirikisho la riadha la dunia. Watu wamemsema kwa mengi katika uongozi wake, lakini jambo hili la Turin ni lake, na lilikuwa jambo kubwa.

Miaka miwili baadaye zamu ikawa ya Sofia. Nchi ya kisoshalisti ikapata nafasi ya kuwa mwenyeji, na Wasovyeti wakaleta walio bora.

Kuruka juu kulikuwa na uzito wa pekee kwao. Kwa miongo mingi Wamarekani waliuona mchezo huu kuwa mali yao. Tarehe 29 Juni 1956, mjini Los Angeles, Charles Dumas, kijana wa chuo, alikuwa wa kwanza kuruka futi saba, yaani mita 2.13, kwa kupita mita 2.15. Mwaka uliofuata, mjini Leningrad, Msovyeti Yuri Stepanov akapita mita 2.16. Furaha ya Moscow haikudumu. Picha zilionyesha kwamba kiatu cha mguu wake wa kurukia kilikuwa na soli nene ajabu, na mabishano yakazuka duniani kote kama ni mtu aliyeruka au kiatu. Rekodi yake haikufutwa, kwa sababu hakuna kanuni aliyovunja. Shirikisho la kimataifa likaweka kanuni hiyo baada yake, kwamba soli isizidi milimita 13. Doa likabaki.

Kisha Marekani ikampata John Thomas wa Chuo Kikuu cha Boston. Alikuwa mrefu, mita 1.95, na mwaka 1959, akiwa bado na umri wa miaka 17, aliruka futi saba ndani ya ukumbi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Mwaka huohuo mguu wake ulinaswa na lifti ukaumia vibaya, na wengi walidhani amekwisha. Alirudi, na tarehe 1 Julai 1960 aliifikisha rekodi ya dunia mita 2.22. Alipokwenda Roma kwenye Olimpiki ya mwaka huo, magazeti ya kwao yalikuwa kama yameshamvika dhahabu. Matokeo yakawa mengine kabisa. Robert Shavlakadze, Mgeorgia wa timu ya Kisovyeti, alichukua dhahabu kwa mita 2.16. Brumel, mwenye umri wa miaka 18, alipita kimo hichohicho na kuchukua fedha. Thomas alikomea mita 2.14 akaambulia shaba.

Brumel alizaliwa mwaka 1942 katika kijiji kimoja cha mashariki ya mbali ya Urusi na kukulia Lugansk, Ukraine. Wazazi wake walikuwa wataalamu wa ardhi na madini. Mtu aliyemjenga kuwa bingwa alikuwa kocha Vladimir Dyachkov, ambaye alilitazama suala la kuruka juu kwa jicho la mtafiti. Siku hizo makocha wengi waliamini kwamba chuma kinamfanya mrukaji awe mzito. Dyachkov alimbebesha Brumel chuma, tena kingi, kisha akamkimbiza mbio fupi ili nguvu ile iwe ya kasi. Mrukaji wa kawaida wa zamani alinyatia upau taratibu, hatua chache, akijitayarisha kwa mruko. Brumel aliufuata kwa mbio za kweli, na kazi ngumu zaidi aliyojifunza ilikuwa kuigeuza kasi ile ya kwenda mbele iwe ya kwenda juu, kwa hatua moja ya mwisho. Ipo picha yake maarufu akiwa ameruka na kuugusa mduara wa goli la mpira wa kikapu kwa kidole cha mguu. Mduara huo uko mita 3.05 kutoka sakafuni.

Mtindo wake ulikuwa wa kifudifudi. Mrukaji anakuja kwa mstari ulionyooka, upau ukiwa ubavuni. Anapiga chini kwa mguu ulio karibu na upau, anaurusha mguu wa mbali juu ukiwa umenyooka, kisha mwili unauzunguka upau uso ukitazama chini, na mguu uliobaki nyuma unakunjuliwa mwishoni kwa uangalifu mkubwa. Mguu huo ndio uliowaponza wengi. Mtu angeweza kupitisha kichwa, kifua na tumbo, kisha goti la nyuma likagusa upau na kazi yote ikaharibika. Ni mtindo mgumu, unaodai nguvu, wepesi wa nyonga na utulivu wa akili kwa pamoja. Kwa maoni ya mwandishi huyu haujatokea mtindo mwingine wa kuruka wenye uzuri kama ule ulipofanywa na mtu aliyeumudu, na Brumel aliumudu kuliko wote.

Ndiyo maana Sofia ilifaa. Agosti ilikuwa imefika ukingoni, msimu mzima wa mazoezi na mashindano ulikuwa umekwisha kumkomaza, na hapakuwa na mzigo wa Olimpiki mabegani. Mashindano ya wanafunzi yalimpa uwanja uliojaa watu, hali ya ubingwa, na uhuru wa kujaribu kimo kipya bila taifa zima kushika roho. Akajaribu, akapata.

Rekodi zake hazikuishia hapo. Julai 1962 alikwenda Palo Alto, California, na kupita mita 2.26 mbele ya Wamarekani wenyewe, ambao walimshangilia kama wa kwao. Septemba mwaka huohuo akapita 2.27 Moscow. Mwaka 1963 alitwaa tena dhahabu ya Universiade, safari hii Porto Alegre, Brazil, na Julai 21 mwaka huo akaiacha rekodi ya dunia kwenye mita 2.28. Tokyo mwaka 1964 alipata dhahabu ya Olimpiki kwa taabu: yeye na Thomas walilingana kwenye mita 2.18, akashinda kwa kuwa na makosa machache. Wawili hao, waliopambanishwa na Vita Baridi miaka yote hiyo, walikuwa wameshakuwa marafiki.

Oktoba 1965, mjini Moscow, Brumel alikuwa abiria kwenye pikipiki iliyopata ajali, na mguu wake wa kulia ukavunjika vipandevipande. Ulifanyiwa upasuaji mmoja baada ya mwingine bila kupona. Hatimaye alikwenda Kurgan, Siberia, kwa daktari Gavriil Ilizarov, aliyekuwa na kifaa cha pete za chuma na nyaya zinazopita ndani ya mfupa, kifaa ambacho wakubwa wa tiba wa Moscow walikuwa bado hawajakikubali. Mguu ukaunga. Brumel akaruka tena zaidi ya mita mbili, na kupona kwake kukaifanya kazi ya Ilizarov ijulikane nchi nzima, na baadaye duniani. Hospitali nyingi leo, zikiwamo za Afrika, zinatumia pete hizo kunyoosha na kurefusha mifupa. Brumel mwenyewe aligeukia uandishi wa riwaya na tamthilia. Alifariki Januari 2003.

Kuna mrukaji mwingine wa zama zile anayestahili kutajwa hapa, kwa sababu chuo kikuu kilimwelekeza kwingine. Mwaka 1954, Vancouver, kwenye michezo ya nchi zilizokuwa chini ya Uingereza, Mnigeria Emmanuel Ifeajuna aliruka mita 2.03 akiwa amevaa kiatu mguu wa kushoto tu. Akapata dhahabu. Aliyemfuata kwa medali ya fedha alikuwa Mganda, Patrick Etolu, na shaba ikaenda kwa Mnigeria mwingine, Nafiu Osagie. Waafrika watatu, nafasi tatu za kwanza. Rekodi ya dunia wakati huo ilikuwa mita 2.12, kwa hiyo Ifeajuna alikuwa sentimita 9 tu chini yake, bila kocha kama Dyachkov na bila chuma cha kunyanyua. Baadaye mwaka huo aliingia Chuo Kikuu cha Ibadan, na hakushindana tena. Siasa zilimchukua, kisha jeshi. Januari 1966 alikuwa miongoni mwa maofisa walioongoza mapinduzi ya kwanza ya Nigeria, na mwaka 1967 akauawa kwa kupigwa risasi huko Biafra. Etolu yeye aliendelea, akaiwakilisha Uganda kwenye Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956.

Wasovyeti walikuwa na vyuo vya elimu ya viungo ambako kuruka kulikuwa sehemu ya masomo. Wamarekani walikuwa na ufadhili wa vyuo kwa wanamichezo. Ibadan ya mwaka 1954 haikuwa na sababu wala fedha za kumtunza mrukaji. Mtu akitaka kujua kwa nini orodha ya mabingwa wa kuruka juu wa Universiade imejaa majina ya Ulaya na Amerika, aanzie hapo, asianzie kwenye vipaji.

Mageuzi makubwa yalianza Medford, Oregon, mwaka 1963, kwa mwanafunzi wa sekondari aliyeshindwa mtindo wa kifudifudi. Dick Fosbury alikuwa mrefu, mwembamba, na miguu yake haikutii. Akarudi kwenye mkasi, ule mtindo wa kizamani ambao kila mtoto anaujua, wa kuvusha mguu mmoja kisha wa pili mtu akiwa kama ameketi hewani. Kila upau ulipopanda, makalio yake yaliugusa, naye akawa anainua nyonga na kulaza mabega nyuma kidogo zaidi. Upau ukipanda tena, analala zaidi. Polepole akajikuta anapita chali, kichwa kikitangulia, na kutua kwa mgongo.

Anayekumbuka michezo ya shule, iwe UMISSETA ya Tanzania au mashindano ya sekondari ya Kenya, ataliona tatizo hapo hapo. Shule nyingi zina shimo la mchanga tu, na juu ya mchanga mtu anatua kwa miguu. Anayetua kwa shingo anajiua. Mtindo wa chali uliwezekana kwa sababu miaka ileile magodoro ya sponji yalikuwa yakianza kufika viwanjani Marekani. Kipaji cha Fosbury ni chake, lakini bila godoro asingefika mbali, na hadi leo mtoto wa shule isiyo na godoro anafundishwa mkasi.

Fosbury akajiunga na Chuo Kikuu cha Oregon State kusomea uhandisi wa ujenzi. Kocha wake pale, Berny Wagner, alijaribu kumrudisha kwenye kifudifudi, hadi alipoona kwamba kijana anapita upau kwa nafasi kubwa akiwa chali. Mwaka 1968 Fosbury alikuwa bingwa wa vyuo vya Marekani, na Oktoba 20 mwaka huo, mjini Mexico, akatwaa dhahabu ya Olimpiki kwa mita 2.24. Watazamaji walicheka mwanzoni. Alipofika vimo vya juu, walinyamaza na kumtazama.

Siri ya mtindo huo iko mahali pawili. Kwanza ni mbio za kujipinda. Hatua za mwisho zinafuata mstari uliopinda, mwili unainamia ndani ya kona, na mrukaji anapojinyoosha ghafla kwenye hatua ya kurukia anapata mwinuko na mzunguko kwa pamoja. Pili ni upinde wa mgongo. Mwili uliojikunja juu ya upau, kichwa na miguu vikining'inia pande mbili, unaweza kupita wote juu huku kitovu cha uzito wake kikipita chini ya upau, au karibu sana nao. Hakuna haja ya kuunyanyua uzito wote juu ya kizuizi kwa wakati mmoja. Na kwa kuwa mtindo huu unakubali kasi zaidi na haudai misuli mingi, warefu wembamba kama Fosbury walipata mlango.

Hata hivyo mtindo wa zamani haukufa siku moja. Rekodi ya Brumel ilidumu hadi mwaka 1971, Pat Matzdorf, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, alipopita mita 2.29 mjini Berkeley, naye alikuwa wa kifudifudi. Rekodi ya kwanza ya chali iliwekwa na Dwight Stones, mita 2.30, Munich mwaka 1973. Stones aliiongeza hadi 2.31 mwezi Juni 1976, katika ubingwa wa vyuo vya Marekani, na 2.32 miezi miwili baadaye. Ndipo mwaka 1977 akatokea Vladimir Yashchenko wa Zaporizhzhia, umri miaka 18, akapita 2.33 kwa kifudifudi kwenye mashindano ya vijana Richmond, Virginia, na mwaka uliofuata 2.34 mjini Tbilisi. Magoti yake yakamsaliti mapema. Yeye ndiye mtu wa mwisho kushika rekodi ya dunia kwa mtindo wa Brumel.

Universiade ilirudi Sofia mwaka huohuo wa 1977, na bingwa alikuwa Mpolandi Jacek Wszoła, mwenye dhahabu ya Olimpiki ya Montreal. Alikuwa mrukaji wa chali. Katika mji ambako Brumel alifikia kilele cha mtindo wake, mtindo mpya ulitwaa dhahabu bila mtu kushangaa.

Kisha siasa zikauvuruga mchezo. Mwaka 1980 Marekani na nchi nyingine nyingi, Kenya ikiwamo, zilisusia Olimpiki ya Moscow. Tanzania ilikwenda, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha. Nyambui alikuwa anasoma Texas wakati huo, mwanafunzi wa Kitanzania katika chuo cha Kimarekani akishindana Moscow. Mjerumani Mashariki Gerd Wessig aliruka mita 2.36 pale, rekodi ya dunia. Mwaka 1984 Wasovyeti nao wakasusia Los Angeles, na dhahabu ya kuruka juu ikaenda kwa Dietmar Mögenburg wa Ujerumani Magharibi kwa mita 2.35. Kwa warukaji wa zama hizo ususiaji huu ulikuwa dhuluma. Miaka minne ya mazoezi ilipotea kwa uamuzi wa ofisi moja.

Universiade haikususiwa hivyo. Edmonton, Kanada, mwaka 1983, Wasovyeti na Wamarekani walikuwapo wote, na kuruka juu kulishindwa na Igor Paklin kwa mita 2.31. Paklin alizaliwa Juni 1963 mjini Frunze, mji mkuu wa Kirgizia, chini ya milima ya Asia ya Kati, mji ambao leo unaitwa Bishkek. Alikuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 20. Mwaka uliofuata alipaswa kuwa Los Angeles. Hakwenda, kwa sababu nchi yake haikwenda.

Wakati huo rekodi ilikuwa mikononi mwa Mchina Zhu Jianhua, aliyeipandisha mara tatu katika muda wa mwaka mmoja: 2.37 na 2.38 mwaka 1983, kisha 2.39 Eberstadt mwezi Juni 1984. Kila mtu alijua kwamba mita 2.40 inakuja, na wengi walitegemea kuwa yeye ndiye atakayeifikia. Haikuwa hivyo. Tarehe 11 Agosti 1985, mjini Donetsk, Msovyeti Rudolf Povarnitsyn, ambaye nje ya nchi yake hakuwa na jina kubwa, akawa mtu wa kwanza kuruka mita 2.40. Fikiria hali ya Paklin kusikia habari hiyo: mwenzake wa timu moja amefika kimo ambacho dunia imekisubiri, naye bado ana safari ya kwenda Japani.

Kobe ilikuwa imejenga uwanja mpya kwa ajili ya Universiade hiyo, na michezo ikaanza Agosti 24. Kuruka juu wanaume kulikamilishwa tarehe 4 Septemba, siku ya kufunga michezo. Walioshindana na Paklin walitoka mmojammoja kadiri upau ulivyopanda, kwa kanuni kwamba anayeshindwa majaribio matatu mfululizo anatoka, hadi yeye akabaki na dhahabu yake na upau wake. Akaomba uwekwe mita 2.41.

Hapo ni vizuri kusimama kidogo. Mrukaji ambaye ameshashinda ana njia mbili. Anaweza kuacha, avae suti ya joto na kungoja medali. Au anaweza kuendelea peke yake, bila mpinzani wa kumsukuma, misuli ikiwa imechoka kwa miruko yote iliyotangulia, huku uwanja mzima ukimtazama yeye tu. Rekodi nyingi za kuruka juu huvunjwa katika hali hiyo ya pili, na ndiyo maana nyingi pia hushindikana. Paklin alikwenda. Mgongo ukajikunja, visigino vikapita. Siku 24 baada ya Donetsk, na miaka 24 na siku nne baada ya Brumel, rekodi ya dunia ikawa tena ya mwanafunzi kwenye mashindano ya wanafunzi.

Kati ya mita 2.25 ya Sofia na mita 2.41 ya Kobe kuna sentimita 16. Ndani yake zimo soli iliyopimwa kwa kanuni, chuma cha Dyachkov, sponji ya Oregon, mbio za kona, na kizazi cha vijana walionyimwa Olimpiki wakatafuta pengine pa kuonyesha walichonacho.

Paklin hakupata medali ya Olimpiki. Alikuwa bingwa wa Ulaya mwaka 1986 Stuttgart, na bingwa wa dunia wa ndani ya ukumbi mwaka 1987 Indianapolis, kwa mita 2.38. Juni 30 mwaka huo Msweden Patrik Sjöberg alimpokonya rekodi kwa mita 2.42 mjini Stockholm. Walipokutana Roma kwenye ubingwa wa dunia miezi miwili baadaye, Sjöberg, Paklin na Gennadiy Avdeyenko walipita wote mita 2.38, na dhahabu ikaamuliwa kwa hesabu ya makosa; Sjöberg akaichukua, wawili wengine wakagawana fedha. Kisha akaja Mkuba Javier Sotomayor, aliyeisukuma rekodi hadi mita 2.45 mwaka 1993, mahali ilipo mpaka sasa.

Nje ya ukumbi, waliowahi kuruka juu zaidi ya Paklin ni wanne tu: Sotomayor, Sjöberg, Mutaz Barshim wa Qatar aliyepita mita 2.43 Brussels mwaka 2014, na Bohdan Bondarenko wa Ukraine. Huyu wa mwisho naye alipitia mkondo huohuo. Mwaka 2011, Shenzhen, China, alishinda Universiade kwa mita 2.28, kimo alichokiweka Brumel miaka 48 nyuma yake na ambacho kwa mwaka huo hakikumshtua mtu. Miaka miwili baadaye alikuwa bingwa wa dunia, Moscow, kwa mita 2.41. Juni 2014, New York, akaruka 2.42. Mashindano ya wanafunzi sasa yanaitwa Michezo ya Dunia ya Vyuo Vikuu, na rekodi yake ya kuruka juu wanaume ingali ile ya Kobe.